Mashine iliniambia ina nafasi ya GB 290, kumbe diski imejaa hadi kooni: siku niliyoizima redio ya Tanga na msiba uko mlangoni

Wakuu, salaam kwenu nyote, na shikamoo kwa wanaostahili.

Hii si chai, sijatunga. Ilianza nikiwa nakunywa chai, lakini yenyewe si chai. Majina nimebadilisha, redio siitaji, na wale wa Tanga mtakaoitambua naomba mnyamaze, kama mlivyonyamaza siku ile mlipogeuza stesheni.

Naandika kwa sababu kila baada ya muda humu anakuja mtu na swali: "VM yangu inaonyesha ina nafasi, mbona seva inasema imejaa?" Anajibiwa "restart". Mimi nilirestart, wakuu. Nisikilizeni.

Mimi ni fundi wa redio moja ndogo pale Chumbageni. Fundi kwa maana pana: seva ni yangu, nyaya ni zangu, na feni ya studio ikianza kulia naitwa mimi. Naishi Mabawa, kazini naenda kwa baiskeli, na vitu vingi ninavyovijua nimejifundisha kwenye video za watu wanaoongea haraka.

Bosi wetu, nimwite Bwana Nizar, ni Mhindi wa Ngamiani. Kazaliwa pale, na baba yake kazaliwa pale. Akikutukana kwa Kiswahili chake inabidi kwanza ukaulize maana kwa wazee, ndipo ukasirike.

Alinunua seva iliyotumika yenye diski ya TB moja. Ukitoa ya mfumo, na ukitoa ule ujanja wa kuhesabu wa wauza diski, zinabaki kama GB 900 za kutumia.

Humo nikatengeneza VM mbili.

Kwa asiyejua: VM ni kompyuta isiyo na mwili inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli. Yenyewe haijui kwamba haina mwili. Unaipa diski inafurahi, kumbe ile diski ni faili moja kubwa tu lililokaa kwenye diski ya seva. Seva ndiye mwenyeji, VM ni mgeni. Shikeni hayo mawili tu, mengine yatakuja yenyewe.

VM ya kwanza ilikuwa ya matangazo. Niliipa GB 300. Sauti zote za redio, hata ya mtu anayeongea laivu pale studio, zilipita humo kabla ya kwenda mnarani. Pia ilikuwa inarekodi kila tunachorusha, inatunza siku thelathini, kisha inafuta cha zamani na kuendelea.

Ya pili ilikuwa maktaba ya sauti. Hiyo niliipa 700.

Wenye hesabu mshaona. 300 na 700 ni 1000, na mimi nina 900.

Sikuwa nimelewa. Kuna utaratibu unaitwa thin provisioning. Faili la diski halichukui nafasi yote siku ya kwanza. Linaanza dogo, linakua kadiri mgeni anavyoandika. Unamwahidi 700, unampa 20, ukijua hatazitaka zote leo. Ni kama mwenye shughuli anayealika watu mia nne na kupika pilau ya watu mia tatu. Watu wanafanya hivyo Tanga hii na hawaaibiki, kwa sababu kila mara wanachungulia sufuria.

Mimi sikuwa nachungulia.

Sasa, kwenye hiyo maktaba kulikuwa na kazi ya Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha ni mwalimu mstaafu, mtangazaji wetu wa asubuhi, rika la mama yangu. Kwa miaka sita alikuwa anazunguka Tongoni, Kigombe na vijiji vya upande ule na kinasa sauti, anawarekodi wazee wanaosema Kimtang'ata chenyewe, kile ambacho sisi wa mjini tukikisikia tunacheka kwanza halafu tunaomba tafsiri. Hadithi, mafumbo, majina ya samaki, namna ya kumsuta mtu bila kumtaja jina. Wengi wa waliomo wameshatangulia mbele ya haki.

Vyote vilikuwa kwenye kidiski cha nje anachotembea nacho mkobani pamoja na funguo na kitambaa cha jasho. Nikamwambia hicho kitakufa siku yoyote, alete kazi yake kwenye seva, huko ni salama. Neno "salama" nililitamka kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Akaleta. Nikanakili. Kile kidiski akampa mpwa wake, ambaye siku hiyo hiyo alikifuta akajaza tamthilia za Kituruki.

Kwa hiyo nakala ikabaki moja duniani, na aliyeishika ni mimi.

Bwana Nizar aliwahi kuniuliza kama nafasi ipo ya kutosha. Nikafungua VM ya maktaba mbele yake. Jumla 700, zimetumika 410, zimebaki 290. Akaridhika. Mimi nikaridhika kuliko yeye.

Jamani, nilimuuliza mgeni. Mwenyeji nilimpita hapo hapo, hata salamu sikumpa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tatu kasoro robo asubuhi. Nilikuwa kwa Mama Zuhura, mama anayeuza mihogo na chai ng'ambo ya barabara. Redio yake huwa iko kwetu muda wote, nadhani kwa kunistahi mimi mteja wake. Tukiwa tunasikiliza, sauti ikakatika. Si mkwaruzo, ni kimya.

Mama Zuhura akaipiga redio kofi. Nikamwambia aiache, haina kosa. Muhogo niliuacha sahanini.

Chumba cha seva zamani kilikuwa stoo ya mchele na bado kinanuka mchele. Nikakuta VM ya matangazo imesimama. Haijazimika, imesimama tu, imeandikwa "Paused". Nikabonyeza iendelee. Redio ikarudi, nusu dakika, ikasimama tena. Nikairestart. Ikaamka, ikapiga nusu dakika nyingine, ikasimama.

Nikasoma ujumbe wa kosa. Nafasi imeisha.

Nilicheka, wakuu. Nafasi gani? Nikafungua maktaba: zimebaki 290. Ile ya matangazo, katika zile sekunde zake za uhai, nikaichungulia: kati ya 300 imetumia 80 tu. Wageni wote wawili wanasema wana nafasi ya kulala na kujigeuza. Mwenyeji anasema hana hata pa kuchomeka sindano.

Nikaamua mwenyeji ndiye mwongo.

Hapo Bi Mwanaisha akaja mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia kwa haraka, akasema kuna mtu mwenye msiba.

Mtu mwenyewe alikuwa Mzee Bakari wa Ngamiani. Dada yake, Bi Saumu, alikuwa amefariki alfajiri ile. Mazishi baada ya swala ya Alasiri. Mdogo wao wa mwisho, Omari, yuko Kigombe anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na simu yake haikuwa hewani tangu juzi. Walikuwa na namba ya jirani yake mmoja, nayo imebadilishwa. Lakini nyumba nyingi za kule zinafungulia kwetu asubuhi kwa ajili ya matangazo ya vifo. Mzee alikuwa na hakika: likisomwa, hata kama Omari hatalisikia, atafikishiwa.

Kumtuma mtu alishamtuma, baiskeli ikapasuka tairi njiani. Kwa hiyo tegemeo likawa sisi.

Alikaa kwenye benchi ya mapokezi na karatasi yake ameikunja mara mbili. Kila nilipopita alikunja miguu anipishe, na hilo ndilo lililonivuruga. Mtu akikufokea unapata cha kujibu.

Nikarudi kwa seva na kichwa cha mtu anayetafuta cha kufuta. Diski imejaa? Basi tupunguze. Nikaingia VM ya maktaba. Nikaona folda mbili za Bi Mwanaisha. Moja imeandikwa KIMTANGATA_ZAMANI, GB 140. Nyingine KIMTANGATA_MPYA, GB 60.

Fundi yeyote akiona ZAMANI na MPYA ameshaelewa: ile ya zamani ni kopi iliyopitwa na wakati.

Nikaifuta ZAMANI. Sikuuliza mtu. Wala haikupitia kwenye kapu la taka, niliifuta kwa amri, kiume.

Maktaba ikasema sasa zimebaki 430. Nikamwangalia mwenyeji: sifuri. Nikaiamsha ya matangazo: nusu dakika, ikasimama.

Nilikuwa nimefuta GB 140 na sikupata hata moja.

Bi Mwanaisha akarudi kuuliza imefika wapi. Nikamweleza kwa ile lugha yetu ya kumchosha mtu asiulize zaidi, na katikati nikasema nimepunguza hata ile kopi ya zamani ya Kimtang'ata, lakini wapi.

Akaniuliza kopi gani.

Nikamwonyesha jina.

Akalisoma. Kisha akasema taratibu, kama anamsahihisha mtoto wa darasa la pili: "Zamani ni wazee, mwanangu. Mpya ni vijana niliowarekodi mwaka huu, nipate kulinganisha."

Akaketi juu ya boksi la nyaya. Nikakumbuka lile neno "salama" na ile sauti niliyolisemea.

Nikampigia Lugano. Huyu tulisoma naye chuo, sasa yuko Dar anasimamia seva za watu wenye seva za kweli. Nikaweka simu spika juu ya meza nikamweleza yote. Alianza kwa kucheka, akacheka mpaka nikamwambia kuna mama mwenye kazi yake amekaa hapa. Akaacha.

Alichonieleza nitawawekea kwa maneno yangu.

Faili la diski la VM linajua kukua, halijui kupungua. Mgeni akiandika mahali papya, mwenyeji anatoa nafasi. Mgeni akifuta, anachofanya ni kukata jina kwenye daftari lake la ndani: hapa pako wazi. Mwenyeji haambiwi. Kwa mwenyeji pale bado pamekaliwa.

Ndiyo maana ile VM ya matangazo ilikuwa inaonyesha 80 kila siku. Inarekodi leo, inafuta ya mwezi uliopita, ndani hesabu haibadiliki. Lakini kila rekodi mpya ilikuwa inaangukia mahali papya, na kila mahali papya mwenyeji alikatwa kipande. Lugano akanipa amri ya kuangalia faili limekula kiasi gani kweli kwenye seva. Linalojiita 80 lilikuwa limekula 270. Maktaba inayojiita 270 baada ya uharibifu wangu ilikuwa imekula 520.

Kwa hiyo kuna namba tatu, wakuu. Ukubwa ulioahidiwa, ukubwa anaousema mgeni, na ukubwa uliolika kweli. Mimi miezi yote ile nilikuwa naangalia ya katikati, ambayo kwa usalama wa seva haina maana yoyote.

Nikamuuliza dawa. Akasema ipo, inaitwa trim. Unazima VM, unaweka tiki sehemu ya discard kwenye mipangilio ya diski yake, unaiwasha, kisha ndani unatoa amri moja. Mgeni anamsomea mwenyeji orodha yote ya mahali palipo wazi, mwenyeji anapachukua. GB zaidi ya mia mbili zitarudi ndani ya dakika chache.

Ya matangazo haikuwa inaishi muda wa kutosha kupewa amri hiyo, kwa hiyo nikaizima maktaba. Nikaweka tiki. Nikaiwasha. Nikaandika amri, ikabaki kubonyeza tu.

Sijui ni nini kilinituma. Nikamwambia Lugano: "Vile nilivyofuta, nikibonyeza, vinakuwaje?"

Akasema: "Ngoja. Sasa hivi bado vipo. Jina limekatwa, sauti zenyewe zimekaa pale pale kwenye faili. Ukitrim, mwenyeji anapachukua na hutaviona tena."

Mnaelewa nilipokuwa? Kile kilichokuwa kimenitia aibu, kwamba nilifuta na nafasi haikurudi, ndicho pekee kilichokuwa kimezishika sauti za wale wazee. Na kidole changu kiko juu ya kitufe.

Kwa upande mwingine, saa nne ilikuwa imepita. Mzee Bakari yuko kwenye benchi.

Bwana Nizar naye alikuwa ameingia wakati huo, amesimama nyuma yangu.

Nikamtazama Bi Mwanaisha. Nadhani nilitaka aniambie nisibonyeze, ili lawama ya mzee wa watu iwe ya wote.

Akasema: "Bonyeza. Wale wa kwenye rekodi wameshazikwa. Huyu wa leo bado."

Akajitanda upya mtandio wake akatazama pembeni.

Ningebonyeza, wakuu, sitadanganya. Aliyeniokoa ni Lugano kwenye spika, akauliza swali la kijinga kabisa: "Kwa nini usifute kitu cha mwenyeji mwenyewe? Una nini kingine kwenye hiyo seva?"

Nikajibu haraka hakuna.

Hapa inabidi nikiri.

Nimesema nilitengeneza VM mbili. Nilitengeneza tatu.

Ya tatu ilikuwa yangu. Niliiwekea gemu la ukocha wa mpira, lile la kusajili wachezaji na kupanga vikosi. Niliiahidi GB 120, ilikuwa imekula 95, na ilikuwa inaishi kwenye seva ya redio kwa sababu laptopu yangu ilikuwa inapumua kwa shida. Humo ndani timu ya mkoa wetu, niliyoichukua ikiwa inashuka daraja, ilikuwa imeshachukua ubingwa wa Afrika mara mbili na nilikuwa nampigia hesabu beki mmoja wa Kibrazili.

Nikaandika amri ya kuorodhesha mafaili ya mwenyeji. Yakatokea matatu. Bwana Nizar akainama, akasoma la tatu kwa sauti: MWALIMU_MKUU.

Akaniuliza hiyo ni idara gani.

Nikamwambia nitamweleza. Lugano anacheka tena. Nikalifuta faili zima, si ndani ya VM, bali kwenye seva yenyewe, kwa mwenyeji. Hilo halihitaji trim wala tiki. Ukifuta faili la mwenyeji, mwenyeji anajua papo hapo. Zikarudi GB 95 kabla sijainua kidole. Misimu kumi na moja ya kazi ngumu ikaondoka bila hata taarifa kwa vyombo vya habari.

Lugano akasema izime maktaba sasa hivi, usiiwashe kwa sababu yoyote, hata ikikulilia. Kila kitu inachoandika kinaweza kuangukia juu ya mzee mmoja. Nikaizima.

Kisha nikaiamsha ya matangazo. Nusu dakika. Dakika. Dakika mbili. Nikasikia kwa mbali redio ya Mama Zuhura inaongea.

Bi Mwanaisha hakusubiri jingle, ule wimbo wa kufungulia kipindi. Akaenda studio, akaketi, akasoma. Ilikuwa saa tano na robo. Alisoma jina la marehemu, nyumba ya Ngamiani, muda wa mazishi, kisha majina ya ndugu popote walipo, na la Omari wa Kigombe akalirudia mara tatu. Akasoma tena baada ya robo saa, na tena baada ya hapo, mpaka kipindi cha michezo kikakosa nafasi na mtangazaji wake akanuna.

Mzee Bakari alisikiliza akiwa pale pale kwenye benchi, amefumba macho. Akatushukuru, akaondoka. Kutushukuru kwake kuliniuma.

Nilikwenda mazishini. Sikuwa na ujasiri wa kukaa kazini na Bwana Nizar, hilo ni moja. La pili, nilitaka kujua.

Tuliswali Alasiri, tukaswali janaza. Omari hayupo. Mzee Bakari aliangalia barabara mara moja tu, akageuka, jeneza likainuliwa. Tumetembea kama hatua hamsini, bodaboda ikaingia kwa kasi ya kukosa adabu, ikasimama. Akashuka mtu amevaa kanzu juu ya suruali ya kazi, ndala, na miguu ina weupe wa chumvi hadi magotini. Hakusalimia mtu. Watu wakampisha wenyewe, akaweka bega.

Aliingia kaburini pamoja na kaka yake wakampokea dada yao.

Baadaye nilisikia akimweleza mtu. Yeye hakuisikia redio. Aliyeisikia ni mke wa jirani, alikuwa anakuna nazi. Alisema redio ilikuwa imenyamaza asubuhi nzima akadhani betri, akaiacha wazi kwa uvivu wa kwenda kuizima. Ilipofufuka tu akasikia jina. Akaacha mbuzi ya nazi na kifuu chake akaenda kwa miguu hadi kwenye mashamba ya chumvi.

Nilikuwa na mengi ya kueleza na hapakuwa mahali pake.

Sasa, sauti za wazee.

Nikaazima diski kubwa ya nje, ina nafasi ya GB 600, nitoe kopi ya faili la maktaba kwanza kabla ya kuligusa. Faili limekula 520, nafasi ni 600, hesabu ya chekechea. Diski ikakataa, faili ni kubwa mno. Kumbe ukinakili hovyo, yale mashimo matupu ndani ya faili, sehemu ambazo hazijawahi kuandikwa kitu, yanajazwa sifuri na faili linadai 700 zake zote lilizoahidiwa. Na ile diski ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo usiojua mashimo. Ikabidi niiandae upya, ninakili kwa amri inayoheshimu mashimo. Ikaingia. Wenye kutoa kopi za VM zenu, lichukueni hilo bure.

Nikaendesha programu ya kufufua faili juu ya ile kopi. Siku mbili nzima. Zikarudi karibu zote. Faili kumi na moja zikarudi ni mkwaruzo mtupu: ni zile zilizoandikwa juu nilipoizima na kuiwasha ile maktaba kwa ajili ya tiki.

Ila zilirudi bila majina. Namba tupu, 0001, 0002, mamia. Jina ndilo nililolikata, na jina ndilo halirudi.

Hivyo kwa wiki nyingi, kila baada ya kipindi chake, Bi Mwanaisha alikuwa anakuja stoo ya mchele, anavaa headphone, anasikiliza, ananitajia mtu, kijiji na habari, mimi naandika. Wengine alikuwa anawajua kwa kikohozi kabla hawajatamka neno. Siku moja akacheka mpaka machozi, akanipa headphone nisikilize, bibi mmoja anamsema mkwewe. Sikuelewa nusu yake, nikacheka kwa woga.

Kazi ile hakuwahi kuniambia ni adhabu. Wala hakuwahi kuniambia amenisamehe.

Kwa zile kumi na moja, alikumbuka waliokuwamo. Tisa ni marehemu. Wawili wazima, wote Tongoni. Tukaenda, mimi nimebeba vinasa sauti viwili, kwa sababu nimeshajifunza.

Wa kwanza, babu mmoja, alirudia hadithi yake yote vizuri, na akaongeza watu wawili ambao Bi Mwanaisha anaapa mara ya kwanza hawakuwamo.

Wa pili ni Bi Tatu. Tukamwamkia, tukakaribishwa, tukapewa uji. Bi Mwanaisha akamweleza kwa adabu zote kwamba ile sauti yake imeharibika, tunaomba aseme tena. Mimi nikaona niwe mwanaume, nikakiri ni mimi niliyeiharibu.

Bi Tatu akanitazama juu hadi chini. Akasema: "Nilishasema. Mlikuwa mnasikiliza nini?"

Na hakusema tena. Tulimaliza uji tukarudi.

Basi, wakuu, somo ni hili. Ukitaka kujua nafasi, muulize mwenyeji, usimuulize mgeni. Weka tiki ya discard siku ya kwanza, si siku ya msiba. Usigawe zaidi ya ulichonacho kama hutachungulia sufuria. Ukifuta kwa makosa, zima kila kitu na utoe mikono mezani. Na kopi moja si kopi, hata ikikaa kwenye seva yenye taa za kupepesa.

Na usisome jina la folda la mtu kama vile umeliandika wewe.

Sasa hivi tuna kopi tatu, moja anayo Bi Mwanaisha mkobani, na mpwa wake ameonywa. Seva nzima ina VM mbili tu. Bwana Nizar huja kuhesabu.

Uzi uko wazi. Waliowahi kubanwa na diski inayojaa huku inasema iko tupu, mwageni yenu nisiwe mjinga peke yangu. Wa "ungeweka cloud" karibuni pia, njooni na bando. Na kama kuna anayejua namna ya kumshawishi bibi wa Tongoni arudie alichokwisha kusema, huyo aje PM, kwa heshima na taadhima.